Unashuka au Hushuki?

Maiti ya mkadiriaji wa bima ilikuwa imelala kifudifudi chini ya ngazi iliyoegemezwa ukutani, mkono mmoja umekunjwa tumboni, na vipande vya bakuli la bluu vimetapakaa kwenye majani. Inspekta Nolia Trahan aliitazama kwa utulivu. Kisha, Mungu amsamehe, akainua macho akatazama bati.

Bati lilikuwa jipya, la kijani, limenyooka kuanzia kipaa hadi mchirizi. Nyumba ya Inspekta mwenyewe ilikuwa bado imevikwa turubai tangu kimbunga cha Agosti, na kila alipoipigia simu kampuni ya bima aliambiwa asubiri. Pale Pointe Cyprien siku zile watu walikuwa wameacha kujuliana hali. Waliulizana, "Wamekulipa?" Na aliyelipwa alijibu kwa sauti ndogo, huku akitafuta njia ya kuondoka.

"Roho inakuuma, Inspekta?" aliuliza Sajini Lirette.

"Fanya kazi yako, Sajini."

"Mimi inaniuma sana," alisema Lirette, akaanza kupiga picha.

Marehemu alikuwa Dewey Fruge, aliyetumwa na kampuni yake kukadiria hasara mtaa mzima baada ya kimbunga. Nyumba alipofia ilikuwa ya Bi. Odile Verret, mjane mwenye miaka sabini na ushei. Bi. Odile ndiye aliyeikuta maiti alipoamka kutoka usingizi wa mchana, akapiga simu polisi, na sasa alikuwa ameketi kwenye ngazi za baraza lake na rozari mkononi.

Dk. Pham, daktari wa uchunguzi wa maiti, alipiga magoti majanini.

"Kaanguka?" aliuliza Inspekta.

"Angeanguka kutoka kule angevunjika kitu. Shingo, ubavu, kiwiko. Huyu hana mvunjiko wowote ila hapa." Alionyesha kisogo. "Kiduara kidogo, kimezama. Kichwa cha nyundo. Pigo moja, na aliyepiga alikuwa nyuma yake."

Lirette aliita kutoka juu ya ngazi ya polisi. "Inspekta! Bati lote limetandwa unga wa maua ya mialoni. Njano tupu. Hakuna unyayo ila wa paka."

Inspekta akageuza kiatu cha marehemu. Soli ilikuwa safi. Akaenda kwenye gari la Fruge, lililoegeshwa chini ya mwaloni ng'ambo ya ua, mbele ya geti la jirani. Nyuma kulikuwa na ngazi ya kukunja, imefungwa kamba zake zote. Hapo akapata jibu. Wakadiriaji hawapandi ngazi ya mtu; kampuni zao zimewakataza, maana ngazi ya mwenyeji ikivunjika ni kesi nyingine. Fruge hakupanda popote. Mtu alimuua, kisha akaichukua ngazi ya Bi. Odile uvunguni mwa nyumba na kuiegemeza ukutani ili ionekane ajali.

Kwenye kiti cha abiria kulikuwa na duara la mchuzi, na kijiko kimelazwa juu ya dashibodi.

"Kwangu watu wa bima hawaji," sauti ilisema nyuma yake. "Kwa hiyo msije kuniuliza."

Alikuwa Bi. Leontine Naquin, mdogo wake Bi. Odile, amesimama ndani ya geti lake, mikono kifuani. Nyumba za madada hao zilikuwa ubavu kwa ubavu, urithi wa baba yao. Ya Odile ilijengwa juu ya nguzo ndefu. Ya Leontine ilikaa chini, na juu yake kulikuwa na turubai la bluu lililopigiliwa misumari safu kwa safu, hata kona moja haipepei. Mtaa mzima ulijua kwamba Leontine alilikagua turubai lile kila asubuhi kwa nyundo yake, na kwamba alilipiga kwa hasira.

"Gari lake liko mbele ya kwako, mama."

"Kivuli kiko kwangu. Hicho tu ndicho nilichojaliwa." Akamkazia macho. "Wewe wa kina Trahan gani? Wa kiwandani au wa kanisani?"

"Wa kiwandani."

"Wamekulipa?"

"Bado."

"Basi unanielewa," alisema Bi. Leontine, akaingia ndani.

* * *

Shahidi alikuwa mmoja. Mzee Alcide Prejean aliketi barazani kwake ng'ambo ya barabara, akimenya kamba wa matopeni kwa ajili ya chakula cha jioni, maana ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima na nyama haikuguswa. Macho yake yalikuwa na ukungu. Masikio yalikuwa mazima.

"Uliona nini, mzee?"

"Mwanangu, mimi naona mwanga na giza. Niulize nilichosikia."

"Ulisikia nini?"

"Mwanamke. Kwa ukali. 'Unashuka au hushuki?' Akarudia tena. Baadaye kidogo, kitu kikavunjika, kama sahani."

"Alikuwa Odile au Leontine?"

"Wale sauti yao moja. Hata marehemu baba yao alikuwa akiwachanganya."

"Lakini alikuwa akimwambia ashuke."

"Ndivyo. Ashuke."

Inspekta aliyaandika maneno hayo na kuyapigia mstari. Mtu aliyekuwa hajapanda, anaambiwa ashuke kwa sauti ya kusikika barabarani. Hiyo ilikuwa geresha. Muuaji alitaka majirani waamini kwamba Fruge alikuwa juu ya paa. Na mwenye paa alikuwa mmoja tu.

Bi. Odile alihojiwa kituoni jioni ile.

"Fruge alikuja kwako kufanya nini?"

"Kunisalimia."

"Bi. Odile, madai yako yamefungwa. Umelipwa, umeezeka. Mkadiriaji hana safari ya kumsalimia mtu aliyekwisha kulipwa."

"Alikula gumbo, ule mchuzi wetu mzito, wa kamba na kaa. Nikamjazia na bakuli ale njiani."

"Bakuli limevunjikia uani kwako. Imekuwaje, kama aliondoka nalo?"

"Sijui. Nilikuwa nimelala."

"Nani mwingine ana nyundo pale kwako?"

"Mafundi walichukua zao walipomaliza bati."

"Simu ya Fruge inaonyesha ulimpigia asubuhi. Ulimwita wewe. Ulimwitia nini?"

Bi. Odile aliizungusha rozari kidoleni. "Hilo nililomwitia ni la kwangu na yeye. Nilimwahidi sitasema."

"Alikuja kudai fedha zirudi? Aligundua ulimdanganya kwenye hasara?"

"Binti," alisema Bi. Odile, "mimi sikudanganya hata msumari."

Lakini hakusema zaidi, na ukimya wake ulimmaliza. Mkuu wa Fruge alithibitisha kwa simu kwamba kampuni ilikuwa ikipitia upya baadhi ya malipo. Kuhusu mazungumzo ya mwisho ya Fruge na ofisi, alisema mawakili wamemfunga mdomo. Ngazi ilikuwa ya Odile, bakuli la Odile, ua wa Odile. Jumamosi, Inspekta Trahan akaomba hati na kumweka mahabusu kwa tuhuma ya kuua kwa kukusudia.

Alipokuwa akifunga jalada alijisikia furaha fulani ya kichinichini, na hakutaka kuichunguza. Ilihusu bati.

* * *

Pointe Cyprien ilimlilia Odile kama mtoto. Jumapili kasisi aliomba sala kwa jina lake. Wanawake wa parokia walipanga zamu ya kupeleka chakula mahabusu. Mtu wa televisheni alikuja kutoka mjini akapiga picha bati la kijani, na jioni sura ya Odile ya ujanani, akiwa amevaa taji la malkia wa sikukuu ya kamba, ilionekana kila sebule. Wakili mmoja alijitolea kumtetea bure.

Jumanne Inspekta aliendesha kwenda kuchukua maelezo ya mwisho ya Bi. Leontine, ili jalada likamilike. Aliegesha chini ya mwaloni uleule, maana jua lilikuwa kali. Hajafungua mlango, simu ikalia. Ilikuwa kampuni yake ya bima. Baada ya miezi yote ile walikuwa wamechagua dakika hiyohiyo.

"Ndiyo, ni mimi," alisema. "Ndiyo, nasubiri."

Muziki wa kusubirisha ukaanza. Akabaki kitini, dirisha limeteremshwa, simu sikioni. Juu ya nyumba ya Leontine kona ya turubai ilikuwa ikipiga paa, pa, pa, pa, kwa upepo. Aliitazama bila kuifikiria.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Bi. Leontine akatoka na kikombe cha kahawa mkononi, akaja hadi getini, akasimama. Inspekta alimpungia kidole kwamba anakuja. Muziki uliendelea. Bi. Leontine aliendelea kusimama. Kahawa ikapoa. Uso wake ukaanza kubadilika, na hatimaye akapaza sauti, hadi ng'ambo ya barabara Mzee Prejean akageuza kichwa.

"Unashuka au hushuki?"

Inspekta Trahan alikata simu.

Alizaliwa mji ule. Maneno yale alikuwa ameyasikia tangu akibebwa. Mgeni akisimamisha gari mbele ya nyumba, mwenyeji hutoka na kumuuliza kama anashuka, na mgeni aliyelelewa hushuka, hata kama hana nafasi, anywe walau nusu kikombe. Asiposhuka amekutukana mbele ya majirani. Kila mtu pale alijua hivyo, Mzee Prejean alijua, yeye mwenyewe alijua, na wote wawili walikuwa wamesikia neno "shuka" wakafikiria paa kwa sababu kulikuwa na ngazi.

Fruge aliambiwa ashuke garini. Na gari lilikuwa mbele ya geti hili.

Akashuka.

"Samahani, mama. Walikuwa watu wa bima."

"Wamekwambiaje?"

"Nisubiri."

Bi. Leontine alicheka kicheko kifupi. "Ingia. Hii imepoa, nitakutilia nyingine."

* * *

Ndani kulikuwa na harufu ya ukungu wa maji. Mstari wa kahawia ulizunguka kuta usawa wa goti, mahali mto ulipofikia siku ya kimbunga.

"Turubai lako linapiga," alisema Inspekta.

"Upepo."

"Ijumaa halikuwa likipepea. Mtaa mzima unasema unaligongea kila asubuhi."

"Nimechoka."

"Nyundo yako iko wapi, Bi. Leontine?"

Bi. Leontine alimimina kahawa polepole. "Imepotea."

"Lini?"

"Sikumbuki."

"Fruge alikula bakuli zima la gumbo ndani ya gari lake. Kuna duara la mchuzi kitini na kijiko juu ya dashibodi. Aliketi pale muda mrefu. Getini kwako. Ulimpelekea kahawa?"

Bi. Leontine alimsogezea kikombe.

"Ulimuuliza kama anashuka?"

"Mnaye mtu wenu mahabusu," alisema Bi. Leontine. "Nimemwona kwenye televisheni. Amevaa taji."

"Wamechagua picha nzuri."

"Lile taji nililishona mimi! Ushanga mmoja mmoja. Hilo wamelisema?" Alinyanyua birika tena. "Kasisi kamwombea. Kina mama wanampelekea pai. Mimi maji yameingia hadi kwenye kitanda, nani aliniletea hata mkate? Sasa mtu kafa, na bado watu wanamlilia Odile!"

"Huenda akafungwa maisha."

"Odile?" Bi. Leontine aliweka birika mezani kwa kishindo. "Odile hawezi kumchinja kuku! Tangu utoto alikuwa akiniletea mimi nimchinjie, halafu yeye ndiye anayesifiwa mchuzi. Odile ashike nyundo ampige mtu? Atoe wapi huo moyo?"

"Wewe unao?"

Alijibu bila kupepesa macho, na Inspekta aliona kwamba mwanamke huyu alikuwa akingoja kuulizwa.

"Mimi ninao."

"Niambie."

"Baada ya kimbunga alikuja. Kwa Odile alipanda paa, akashuka, akaingia, akanywa kahawa, akala, wakapiga soga mpaka nikasikia vicheko huku. Kwangu alisimamisha gari pale pale ulipokuwa umekaa wewe. Nikatoka. Nikamuuliza unashuka? Akasema, 'Naona kila kitu kutoka hapa, mama.' Akapiga picha ule mstari wa maji kwa dirisha la gari, akaondoka. Bima ya nyumba inalipa upepo, hailipi mafuriko. Akaandika mafuriko. Paa langu lilikwenda na upepo, mwanangu! Lilikwenda saa nzima kabla mto haujaingia, nilikuwa nimelala chini ya meza naangalia mbingu. Angepanda angeona. Hakupanda. Hata hakushuka."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa nilikuwa nagongea turubai. Namwona katoka kwa Odile na bakuli. Kaja mpaka getini kwangu, kaingia garini, kakaa. Nikasema, safari hii amekuja kwangu. Nikapika kahawa mpya. Nikavaa aproni safi, mjinga mimi. Nikatoka. Yuko na simu, anakula. Anakula gumbo ya dada yangu mbele ya geti langu! Nikamwambia, unashuka? Akanionyesha kidole, nisubiri. Nikarudia, unashuka au hushuki? Akaziba simu kwa kiganja, akasema, 'Bado, mama. Kahawa nimekunywa kwa dada yako.'"

Akajifuta mdomo kwa aproni.

"Halafu akashuka. Usidhani hakushuka. Alifungua mlango, akashuka, anatabasamu, na moyo wangu ukafunguka. Akanipita. Akanipita hivi, bega kwa bega, na lile bakuli lake, akaenda kwa Odile. Nyundo ilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Nilimfuata mpaka kwenye majani."

"Ngazi?"

"Niliijua ilipo. Nyundo nimeitupa mtoni, nyuma ya banda la mashua."

"Ulitaka Odile akamatwe?"

Bi. Leontine alifikiri kwa uaminifu. "Hapana. Nilitaka waseme kaanguka. Ila mlipomchukua sikulia."

Inspekta alimsomea haki zake. Bi. Leontine alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kunywa kahawa kwanza," na Inspekta akainywa yote, huku akiona aibu ya kuwa alimfunga mwanamke asiye na hatia kwa sababu ya bati la kijani. Wazamiaji waliiopoa nyundo kabla ya jua kuzama. Kichwa chake kiliingia sawasawa katika kipimo cha Dk. Pham.

* * *

Bi. Odile alipofunguliwa hakutaka kwenda nyumbani. Aliomba kumwona mdogo wake. Inspekta aliwapa chumba cha mahojiano, akabaki mlangoni.

"Sasa unaweza kusema," alimwambia Odile. "Ulimwitia nini Fruge?"

Bi. Odile alimtazama Leontine, aliyekuwa amekaa na pingu mapajani.

"Nilimwita kwa ajili yako," alisema. "Nilimwambia paa la mdogo wangu liliondoka kabla ya maji. Nililiona kwa macho yangu likipita dirishani kwangu. Nilimbembeleza, Leontine. Nilimpikia. Alisema madai yakishafungwa haruhusiwi kukanyaga uani kwako mpaka mkuu wake akubali, kampuni itamfukuza. Nikamwambia basi kaa garini, mpigie sasa hivi. Akanambia nisiseme kwa mtu mpaka jibu litoke. Na mimi sikutaka ujue. Ningekuambia mimi ndiye niliyekuombea, ungekataa."

"Alikuwa akirudi kwako," alisema Inspekta. "Akitabasamu."

"Kuniambia wamekubali," alisema Bi. Odile, na hapo ndipo alipoanza kulia. "Walikubali. Mawakili wao wamesema leo. Angepanda paa lako jioni ile ile."

Inspekta alisubiri Leontine naye alie. Alisubiri amshike dada yake mkono, au amwombe msamaha, au apige kelele. Bi. Leontine alizigeuza pingu mapajani.

"Kwa hiyo," alisema hatimaye, "hata bati langu ningekuwa nimepewa na wewe."